Nani Ameniambia Pole?

Januari 2023, Rob Morris, mmoja wa waanzilishi wa Koko, alitangaza kwenye Twitter matokeo ya jaribio lililowahusu watu wapatao 4,000. Koko ni huduma ya mtandaoni ambamo watu wasiojuana husaidiana: mmoja anaandika kinachomsumbua, mwingine anamjibu kwa maneno ya kumtia moyo. Katika jaribio hilo, programu ya akili mnemba, GPT-3, iliandaa majibu na binadamu akayasimamia. Majibu hayo yalipewa alama za juu kuliko yale ambayo watu waliyaandika peke yao, na muda wa kujibu ulipungua kwa nusu, ukawa chini ya dakika moja. Lakini watu walipojua kwamba mashine imeshiriki kuyatunga, aliandika Morris, hayakufaa tena. Koko ikaiondoa haraka.

Lawama zilifuata, nyingi zikihusu ridhaa. Morris alijibu kwamba hawakuwa wakiwaunganisha watu na mashine wazungumze nayo bila kujua. Mabishano hayo yana uzito wake, ila mimi nimekwama mahali pengine. Maneno yalikuwa yaleyale kabla na baada ya watu kujua. Hakuna herufi iliyobadilika. Basi ni nini kilichotoweka?

Tukienda msibani hatubebi maneno mapya. "Poleni sana." "Kazi ya Mungu haina makosa." Mfiwa ameyasikia tangu asubuhi, na hampi mtu alama kwa ufasaha wake. Hata anayeketi jamvini kimya ametimiza wajibu, kwa sababu amefika: ameacha shughuli zake, amelipa nauli, amekaa. Kwenye kundi la WhatsApp hakuna jamvi wala nauli, lakini mama anayeuguza mtoto akiandika saa nane usiku na mwenzake akamjibu "pole dada, niko macho", kinachomfariji zaidi ni kwamba kweli kuna mtu macho.

Utasema mwenye njaa haulizi nani amepika. Ni hoja nzito. Kwa mtu aliyezidiwa na mawazo, jibu zuri ndani ya dakika moja huenda ni bora kuliko la kibinadamu linalofika kesho. Sina ugomvi na mashine inayojitambulisha kuwa mashine, atakayeitaka aitumie. Lakini anayeandika kwenye kundi la kusaidiana haombi maneno tu. Anauliza pia: kuna mtu hapo? Swali hilo halijibiwi kwa ufasaha, linajibiwa kwa ukweli.

Hapo ndipo mtafiti anapobanwa. Tunahitaji kujua ni kwa namna gani watu husaidiana mtandaoni, na ni lini msaada huo unageuka kuwa madhara. Bila utafiti tutabaki kubahatisha. Ila anayeficha mkono wake hajavunja adabu tu, ameharibu kipimo chenyewe. Alama anazokusanya si za maneno peke yake. Ndani yake kuna imani ya mpokeaji kwamba mtu fulani amemfikiria, na imani hiyo mtafiti hakuitengeneza. Aliikuta imejengwa na wanakikundi, kwa usiku mwingi wa kujibizana. Akishaondoka na takwimu zake, wao ndio watakaobaki wakisoma kila pole nzuri kwa wasiwasi: hii imetoka kwa nani?

Wapo watakaosema kwamba ukiomba ruhusa kwanza, watu hujikunja. Watasema machache na matokeo yatapungua utamu. Ni kweli, na ni hasara. Lakini hasara hiyo ni haki imwangukie yule anayetaka kujua, si yule aliyeingia pale akiwa na maumivu yake.