Kabla ya Kununua Saa ya Kale, Tenga Fungu la Matunzo

Ndugu zangu wa Tukuyu na Rungwe yote, wapo kati yetu waliorithi saa ya mkono ya thamani kutoka kwa baba au babu. Wapo pia wanaoitamani, wakisubiri msimu mzuri wa chai au parachichi, au wakingoja kiinua mgongo kitoke. Omega, Longines, Rolex: majina haya yana mvuto, nami simlaumu mtu kwa kuvutwa nayo. Hata mimi huvutwa. Ninachokiogopa ni kosa linaloweza kumkuta yeyote kati yetu, la kupata fedha ya kununulia kitu kizuri cha zamani na kukosa fedha ya kukitunza.

Kisa nitakachokieleza ni cha jumba lililobeba saa kubwa, mali ya fahari kuliko chochote tutakachowahi kuvaa mkononi. Nimekichagua kwa sababu dalili zake zilionekana na kila mtu, na kwa sababu mwisho wake ulichukua uhai wa watu.

Sultani Barghash bin Said alilijenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, mbele ya bahari pale Forodhani, Unguja. Lilikamilika mwaka 1883, likiwa na nguzo za chuma na baraza pana zilizozunguka ghorofa zake. Umeme ulilifikia mapema kuliko karibu jengo lolote la Afrika Mashariki. Agosti 27, 1896, manowari za Uingereza zilipiga mizinga majumba ya Sultani, na katika matengenezo yaliyofuata mnara wa saa uliwekwa kwenye uso wa jumba. Tangu hapo mabaharia na wenyeji waliutazama mnara huo kujua saa. Baadaye jumba likawa ofisi za serikali ya kikoloni, na miaka mingi baada ya Mapinduzi ya 1964 likafanywa makumbusho. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kila aliyelipokea jumba hilo alipokea pia kazi ya kulitunza, na kadiri miaka ilivyokwenda kazi hiyo ilizidi kuwa ghali. Majumba ya namna ile ni ya mawe ya matumbawe, chokaa na mbao, na hili lilikuwa na chuma kingi. Adui yake mkubwa ni maji. Paa likivuja kidogo, maji hupenya taratibu ndani ya kuta, mbao huoza, na chuma hushika kutu. Kutu huvimba, na chuma kilichovimba hupasua ukuta unaokishika. Hayo hutokea ndani, mahali pasipoonekana, huku mgeni akipiga picha nje na kusifu uzuri.

Dalili zikaanza kujitokeza. Mwaka 2012 sehemu ya baraza ya nje iliporomoka. Makumbusho yakafungwa kwa umma. Mwaka 2014 jumba liliwekwa katika orodha ya World Monuments Watch, inayotangaza duniani majengo ya kale yaliyo hatarini. Mwaka 2015 sehemu nyingine ikaanguka. Sisemi kwamba hakuna aliyejali. Wataalamu walipaza sauti, na hatimaye Oman ilijitolea kugharamia ukarabati. Lakini kati ya dalili ile ya 2012 na kazi kubwa ya kulikarabati ilipita miaka mingi. Desemba 25, 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walipoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Tujiulize kwa nini dalili kama hizo hupita. Methali ya ufa na ukuta tunaijua tangu shule ya msingi, kwa hiyo kutojua si sababu. Nadhani sababu ni hii: asiye na fungu la matunzo huogopa kuutazama ufa. Akiutazama itabidi amwite fundi, na fundi atataja bei. Basi hugeuza macho, akajiambia kwamba mwakani mambo yatakuwa mazuri. Mimi na wewe tuko hivyo hivyo, tusijidanganye.

Sasa turudi kwenye saa ya mkono. Kupotea kwake hakulingani hata kidogo na msiba ule, lakini njia ya kuiharibu ni ileile. Saa ya ufunguo, au ile inayojijaza kwa mwendo wa mkono, ina vipande zaidi ya mia vinavyosuguana usiku na mchana. Hutembea kwa mafuta kidogo sana, na mafuta hayo hukauka hata kama saa haijavaliwa. Ndiyo maana watengenezaji hushauri ifunguliwe, isafishwe na kutiwa mafuta mapya kila baada ya miaka mitano hadi kumi. Kwa saa za majina makubwa huduma hiyo hugharimu mamia ya dola, na zenye kipima muda ndani yake hugharimu zaidi. Vipuri navyo vinazidi kuwa adimu. Kampuni ya Swatch Group ya Uswisi, yenye Omega na Longines, iliacha tangu mwisho wa 2015 kuwauzia vipuri wauzaji wa jumla wanaowahudumia mafundi wa kujitegemea. Fundi saa wetu wa mtaani, aliyezoea betri na mikanda, anaweza kuwa na mikono mizuri na bado akakosa kipande kimoja tu cha kuirudisha saa yako katika hali yake.

Sisi wa Rungwe tuna jambo la ziada la kuangalia. Wilaya yetu ni miongoni mwa zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Raba ya kuzuia maji ndani ya saa ya miaka hamsini imekwisha kukauka na kupasuka, hata kama mgongoni imeandikwa kwamba haiingizi maji. Ukiona ukungu chini ya kioo, usingoje ukauke wenyewe; peleka saa ifunguliwe mara moja, kwa maana huenda kutu imekwisha kuanza. Ikianza kuchelewa kwa dakika kadhaa kwa siku, kitufe cha kujazia kikiwa kigumu, au ikisimama mapema kuliko ilivyozoea, hiyo ndiyo baraza inayoporomoka. Na ukimpata fundi, mkataze kupiga polishi mwili wa saa au kubadilisha uso wake ili ing'ae, kwa sababu wanunuzi wa saa za kale hulipia uhalisia.

Mkulima wa chai wa Katumba au Mwakaleli analijua somo hili shambani kwake. Anajua kwamba kila baada ya miaka michache chai lazima ipogolewe, na kwamba kwa muda hatachuma, kwa hiyo hujiandaa. Tuwe hivyo na mali zetu nyingine. Kabla hujalipia saa ya kale, ulizia gharama ya huduma yake moja, na kama huwezi kutenga fedha hiyo pembeni siku ileile ya kununua, basi bei yake imekushinda, hata kama muuzaji amekupunguzia.

Na wewe uliyerithi bila kuchagua, usikate tamaa. Kama leo huna fedha ya huduma, usiijaze. Saa iliyosimama hailiki kama inayotembea bila mafuta. Iweke mahali pakavu, uanze kuweka akiba kidogo kidogo. Na ukiona kweli hutaiweza, zungumza na ndugu zako, mumpe au mumuuzie anayeweza kuitunza ikiwa bado nzima. Baba aliyekuachia saa ile hakukusudia uizike kwa kutu ukiwa umeivaa.