Sura ya Kupimia

Kibaba hakiulizwi kama kinakubali kujazwa unga. Kipo pale dukani, kinapima, basi. Lakini je, kibaba chenyewe kikiwa ni sura ya mtu?

Swali hili limeniganda tangu niliposoma habari za Lena. Mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, Alexander Sawchuk na wenzake walikuwa wakitafuta picha ya kujaribia mitambo yao. Walizokuwa nazo zilikwisha kuwachosha. Mara akaingia mtu na gazeti la Playboy la Novemba 1972 (kazini, jamani!). Wakachana picha ya katikati, wakabakiza sehemu ya juu tu, wakaitia kwenye skana. Ikatoka na vidoa 512 kwa 512: binti wa Kiswidi, kofia yenye manyoya, anatazama juu ya bega lake.

Tuseme kweli, picha ile ilifaa. Kubana picha mara nyingi maana yake ni kutupa baadhi ya yaliyomo ili ikae mahali padogo, na lazima ujue umetupa nini. Yale manyoya, mtambo mbovu huyafanya uji. Bega ni laini, dosari huonekana hapo hapo. Na wote wakitumia picha moja, mtu wa Tokyo anaweza kujilinganisha na wa London. Zilikuwapo nyingine, ya nyani na ya pilipili hoho, ambao hawana haja ya kuombwa ruhusa. Aliyependwa ni Lena.

Mwenyewe, Lena Forsén, alikuwa amepiga picha ya gazeti, siyo ya maabara. Miaka mingi hakujua. Eti mbona mwaka 1997 alialikwa kwenye mkutano wa wataalamu kule Boston, akaenda? Kweli alikwenda. Ila kumkaribisha mtu kwenye nyumba iliyojengwa kwa matofali yake si kumwomba matofali. Na wasichana darasani, waliojua ile picha ilichanwa wapi, waseme nini? Katika filamu ya mwaka 2019 yeye mwenyewe alitaka astaafishwe. Tangu Aprili 1, 2024, Computer Society ya IEEE haipokei tena makala zenye picha hiyo. Miaka 51!

Nilikuwa tayari kuwalaani wahandisi wale, nikakumbuka daftari langu.

Mtaani kwetu kuna mama muuza vitumbua. Ana kovu shavuni, na akicheka hufumba jicho moja. Kila nikitaka kujua kama hadithi yangu inasimama, namtia yeye ndani. Amekwisha kuwa mjane, mama wa jambazi, na juzi mchawi. Akipumua kwenye karatasi, najua hadithi imekubali. Mimi naita sanaa. Wale nao waliita sayansi.

Jina nilibadili, bwana. Lakini mdogo wangu alipoisoma ile ya mchawi aliangua kicheko: “Kaka, huyu si mama vitumbua?” Mimi sikucheka. Si unajua neno hilo huku kwetu linavyoweza kumfikisha mtu mbali. Ikichapwa, utasoma mtaa mzima. Na nikimwondoa, hadithi inakufa. Nimejaribu mara tatu.

Mhariri anaingoja. Leo asubuhi nilikwenda pale kwenye jiko lake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Vingapi leo?”

Nikasema vinne. Nikalipa, nikaondoka na daftari langu kwapani.