Onyo juu ya Kutia Mali katika Khabari za Dawa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyaumba maradhi na dawa zake, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na Masahaba wake.

Ama baad. Wafanyabiashara wa pwani waendao bara kununua nafaka waijua kazi ya bambo. Mtu wa Tanga au wa Mombasa afikapo Qurus, katika wilaya ya Karatu, akaonyeshwa magunia ya mahindi au mbaazi, hanunui sifa za mwenye mali. Hulitia bambo ubavuni mwa gunia, akatoa punje za katikati, akazitazama kama zina unyevu au wadudu, ndipo akataja bei. Kufanya hivi si kumdhania mwenziwe vibaya. Ni adabu ya biashara, nayo ina asili katika dini. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim ya kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata umaji. Akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka juu ile iliyorowa, watu wakaiona. Kisha akabainisha ya kwamba mwenye kughushi si katika watu wake.

Lakini mtu huyo huyo, aambiwapo barazani ya kuwa kampuni fulani imepata dawa ya maradhi yaliyowashinda matabibu, na ya kuwa hisa zake zitapanda kabla ya mwezi kuandama, hutoa akiba ya miaka mingi asiulize hata suali moja. Gunia la mbaazi amelitia bambo. Gunia la dawa amelinunua lingali limeshonwa.

Ngorongoro, wilaya iliyopakana na Karatu, iliona mwaka 2011 nguvu ya khabari isiyopimwa. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alikuwa akiwanywesha watu kikombe cha dawa ya mti uitwao mugariga kwa shilingi 500, na ikasemwa ya kuwa chaponya ukimwi, kisukari na mengineyo. Maelfu wakasafiri toka kila upande, hata Kenya. Nauli zikapanda, magari yakapangana njiani kwa kilomita nyingi, na wako wagonjwa waliofia safarini. Kila aliyeulizwa alijibu ya kwamba fulani amepona. Aliyempima huyo fulani kabla ya kunywa na baada yake hakutajwa. Na msiba ulio mkubwa ni wa wale walioacha dawa zao za hospitali kwa kutegemea kikombe.

Na isidhaniwe ya kuwa haya ni ya dawa za miti peke yake. Mwaka 1990 Kenya ilitangaziwa dawa iitwayo Kemron, nayo ni interferoni ya kiasi kidogo itiwayo kinywani. Fikra yake ilitoka kwa Joseph Cummins, daktari wa wanyama wa Texas, Marekani, aliyekuwa na kampuni yake. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya walisema wagonjwa wa ukimwi walipata nafuu kubwa, na Rais Daniel arap Moi akaizindua mwezi wa Julai. Lakini uchunguzi ule wa mwanzo haukuwa na kundi la pili la wagonjwa wasiopewa dawa, ili hali zao zilinganishwe. Baadaye katika Uganda wagonjwa zaidi ya 500 wakagawanywa kwa kura: hawa wakapewa interferoni, na wale kitu kinachofanana nayo kisicho dawa, asijue mgonjwa wala tabibu ni nani kapewa nini. Matokeo yakachapishwa mwaka 1998, na nafuu haikuonekana.

Wanavyuoni wa Hadithi waliijua hukumu ya jambo hili zamani. Hadithi mashuhuri ya nia ilisimuliwa na watu wengi mno kutoka kwa Yahya bin Said, lakini juu yake mna mpokezi mmoja mmoja mpaka kwa Sayyidna Umar. Wanavyuoni hawakuisahihisha kwa wingi wa wale wa chini, bali kwa uadilifu na hifadhi ya hao wa juu. Basi khabari ya dawa iliyorudiwa na midomo mia, na asili yake ni mtu mmoja mwenye hisa za kuuza, ni khabari ya mtu mmoja, naye ni shahidi mwenye kujitolea ushahidi nafsi yake.

Kwa hiyo mwenye kutaka kutia mali yake na aulize: Waliojaribiwa ni wangapi? Walilinganishwa na nani? Kilichohesabiwa ni kupona na kuishi, au ni kujisikia vizuri tu? Hesabu hiyo iliwekwa kabla ya jaribio, au ilichaguliwa baada ya kuyaona matokeo? Wengine wasio na faida wamelirudia wakapata yale yale? Akijibiwa kwa maandishi yaliyochapishwa, na atie kadiri awezayo kuipoteza, kwani hata jaribio la haki huweza kushindwa, na mshirika hushiriki faida na hasara. Asijibiwapo, mkono wake na urudi mfukoni. Na mali ya yatima na amana za watu zisiingizwe humo.

Tena ajihadhari nafsi yake asiwe mbeba uvumi. Mtume (s.a.w.) amekataza najshi, nayo ni kuipandisha bei ya kitu asichotaka mtu kukinunua, ili kumghuri mwenziwe. Mwenye kueneza sifa za dawa asizozihakikisha ili hisa zake zipande yu karibu mno na mlango huo, na kosa lake halikomi sokoni. Maneno yake humfikia mgonjwa, akaiacha dawa imfaayo. Hasara ya mali hulipwa; roho hailipwi. Na Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, khabari ya fasiki ichunguzwe, watu wasije wakawadhuru wengine kwa ujinga, kisha wakajuta.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu mali ya halali, na ndimi zisizosema illa lililothibiti. Amin.