Kwani Nani Alikuwa Anajaribiwa?

Mwaka jana rafiki yangu alitengeneza programu ya simu ya kuweka hesabu za vyama. Yeye ndiye fundi. Kazi yangu mimi ni maneno, kwa hivyo niliandika maelezo na mialiko. Ikabaki kuipandisha Play Store, na hapo tukakutana na sharti. Ukiwa na akaunti ya kibinafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023, Google hutaka kwanza upate watu wa kuijaribu programu, wabaki ndani siku 14 mfululizo, ndipo uombe ruhusa ya kuifungulia umma. Mwanzoni walitakiwa watu 20. Tangu Desemba 2024 ni 12.

Unatoa wapi watu 12? Mtandaoni kuna vikundi vya nijaribie nikujaribie: napakua yako, unapakua yangu, na hakuna anayeifungua tena. Sisi tukajiona waadilifu, tukasema tutatafuta watu wa kweli. Mmoja wao akawa shangazi yangu, muuza mboga Githurai na mweka hazina wa chama cha wanawake 18. Kila mmoja huchanga shilingi 200 kwa wiki.

Niliiweka programu kwenye simu yake mwenyewe, nikamwambia, "Shangazi, sasa hilo daftari lipumzishe. Na tafadhali usiitoe hadi wiki mbili ziishe."

"Sawa, mwanangu."

Huyu ndiye aliyenilipia karo mihula mitatu kabla sijaacha chuo, na hajawahi kuniuliza zile pesa zilifanya nini. Mtu kama huyo hawezi kukunyima wiki mbili.

Siku ya tisa rafiki yangu alituma toleo jipya. Lilirekebisha kosa moja na kufuta rekodi za wiki ile. Shangazi akabaki na shilingi 3,000 mkononi na wanawake 18 wanaoapa kwamba wamelipa. Akaongeza 600 zake, akanyamaza. Mimi nilikuja kusikia mwezi uliofuata, tena kwa binamu. Nilipomuuliza mbona hakusema, alinijibu, "Si ulisema ni majaribio? Nikajua ni mimi nimekosea."

Jibu hilo halijanitoka. Sisi tulimaanisha programu ndiyo inayojaribiwa. Yeye alielewa kwamba anayepewa mtihani ni yeye, na akaogopa kuanguka mbele yangu mimi niliyeuacha mtihani wangu katikati.

Rafiki yangu ana hoja zake, na si za kijinga. Anasema alikubali. Anasema pia kosa lile lisingeonekana kwa Shangazi, lingekuja kuwapata mamia. Ni kweli. Wale wa nijaribie nikujaribie hawaumii, lakini pia hawajaribu chochote. Kosa huonekana pale tu mtu anapoweka juu ya programu kitu chake cha kweli. Kwa hivyo lazima awepo mtu wa kutangulia.

Lakini mpishi huonja mchuzi mwenyewe kabla ya kuupeleka mezani. Sisi tulimwonjesha mgeni, tena bila kumwambia kwamba bado haujaiva. Na huko kukubali kwake kulikuwa kwa namna gani? Sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya hiari, na mtu awe ameelezwa anachokubali. Shangazi hakuelezwa. Hiari nayo tuliibana wenyewe: akijitoa, hesabu yetu ya watu inapungua, ndiyo maana nilimwomba asiitoe. Mwenye kufaidika na "ndiyo" ya mtu hafai kuwa ndiye anayepima kama ilitoka moyoni.

Sisemi watu waache kujaribu programu. Nasema ukimwalika mtu, mwambie wazi: inaweza kuharibika, daftari lako liendelee, siku ukitaka kutoka toka, na kikipotea kitu chako tutalipa sisi. Ni sentensi moja tu. Mimi mwandishi wa mialiko sikuiandika, kwa sababu nilijua ingewafukuza wengine.

Programu iliruhusiwa. Nilimpelekea Shangazi zile 600. Alizipokea, akazihesabu, kisha akatoa daftari chini ya meza ya mboga na kuziandika.