Deni la Kizimba

Nikimwambia shehe wa mtaani kwetu hapa Mwanza kwamba samaki wangu wana njaa ilhali matumbo yao yamejaa, anacheka. Kwake aliyeshiba ameshiba, na riziki ya kila kiumbe iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Sawa shehe, namjibu, huyo ni sato wa ziwani. Huyu wa kizimbani je?

Sato wa ziwani hujichumia: mwani, vidudu, masazo ya majini. Wangu nimemzungushia wavu. Kila mtoto aliyepita madrasa anakijua kisa cha yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Wasio na cha kumpa paka ni wengi, na hakuna anayewalaumu. Kosa lake ni kwamba alimfungia, asimlishe wala asimwachie akajitafutie. Mimi naelewa hivi: deni linaanza pale mlango unapofungwa.

Na deni hilo lina kipimo, halilipwi kwa kujaza tumbo tu. Zipo asidi amino, yaani vijenzi vya protini, kumi ambazo mwili wa samaki hauwezi kujitengenezea. Lazima ziingie kwa mdomo. Mwaka 1988 watafiti wawili, Santiago na Lovell, walitoa vipimo vya sato, asidi moja baada ya nyingine. Laisini, mojawapo ya hizo kumi, peke yake inatakiwa iwe takriban asilimia 5.1 ya protini yote anayokula. Kwa chakula chenye protini asilimia 30, hiyo ni kama gramu 15 katika kilo moja. Ikipungua, mwili unakuwa kama mtunga shanga aliyeishiwa nyekundu: mpangilio haukubali rangi nyingine, uzi unasimama, na zilizobaki hazina kazi. Protini iliyokosa mwenzake huchomwa, naitrojeni yake ikatoka matamvuani kama amonia. Mfugaji anayeongeza protini bila kuangalia imekosa nini anachafua maji kwa fedha yake mwenyewe.

Kanda yetu ni ya pamba, kwa hiyo mashudu yake hayako mbali. Protini imo, laisini ndiyo haba, na hata hiyo kidogo, sehemu yake hufungwa na gosipoli, sumu ya mbegu hiyo, mashudu yanapopata moto wakati wa kukamua. Pumba za mahindi nazo hazisaidii. Ndiyo maana mkono wa mfugaji unakimbilia unga wa dagaa, ambao una karibu kila kitu.

Hapo ndipo usingizi unaponiruka. Mahindi yaliyomkosesha sato laisini ndiyo ugali wa mtoto, na upungufu wake ni uleule. Konzi moja ya dagaa kwenye sahani ya mtoto huyo inaziba pengo lilelile ninalotaka kuliziba kizimbani, tena sato wangu mwisho wake ni kwenye meza ya mtu ambaye pengo hilo hana.

Wafanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba wana jibu lao: mama, dagaa wa chakula cha mifugo ni wa kuanikwa mchangani, binadamu hawali. Ni kweli, ukiwatafuna unasikia mchanga kwenye meno. Waliokaushwa juu ya chanja ndio wa watu. Lakini nani aliamua wamwagwe mchangani? Chanja ni mbao, ni wavu, ni vibarua wa kugeuza. Kama mnunuzi wa chakula cha mifugo anachukua hata wenye mchanga, mwanamke wa mwaloni ajenge chanja kwa faida gani? Fedha yangu inafika mchangani kabla ya dagaa wenyewe.

Wapo watakaosema njaa ya mtoto huyo sikuisababisha mimi, bali ya samaki nimeisababisha, hivyo nianze na anayenidai moja kwa moja. Hoja ina nguvu, ila siikubali. Kufunga mlango nilichagua mwenyewe. Siwezi kulilipa deni langu kwa chakula cha mtu mwingine, halafu nikajiita mwaminifu.

Kwa hiyo nachanganya soya na mashudu ya alizeti. Soya ina laisini lakini methionini yake, asidi amino nyingine katika zile kumi, haitoshi, alizeti ina methionini na laisini ndiyo imepungua. Pengo linalobaki nalifunika kwa laisini ya kiwandani, ile inayotengenezwa na bakteria waliolishwa sukari, na dagaa nawaweka kidogo sana, kwa vifaranga tu. Shehe aliwahi kuniuliza kama hao bakteria ni halali. Nilimwambia swali hilo ni lake, langu ni la mizani.

Soya ni ghali, hasa ikishapita miezi michache baada ya mavuno. Msimu huu nimepunguza vifaranga. Wenzangu wanasema nafasi tupu ndani ya wavu ni hasara. Mimi idadi yangu naipiga kwa bei ya soya ya Desemba, si ya Juni, na samaki nisiyeweza kumlisha kwa bei hiyo simfungii.