Kilo 20

Kaka yangu alipanda Kilimanjaro na Meru kwa miaka kumi na minne, na hata mara moja hakulala kwenye hema alilolichagua mwenyewe. Alianza kama mgumu, ndivyo wapagazi wa mlimani wanavyojiita, akapanda cheo mpaka upishi, kisha goti likamstaafisha. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba mimi, mume wangu na watoto wawili tunataka kwenda Kenya na gari letu, tupige kambi wiki nzima kwa hiari yetu na kwa hela yetu, alinitazama kama mtu anayesubiri mzaha uishe.

"Nani anabeba?" akauliza.

"Gari, kaka."

"Basi mtabeba vingi."

Sisi watu wa Themi, Arusha, tunaishi na mahema kama watu wa Ferry, Dar es Salaam, wanavyoishi na nyavu. Ukipita mitaa ya Njiro asubuhi, unaona hema limetandazwa juu ya uzio likikaushwa, unajua jirani amerudi kutoka Serengeti jana. Kwetu hema ni chombo cha kazi, kama jembe au cherehani. Tumekulia chini ya Mnara wa Saa tukiwaambia wageni kwamba hapo ndipo katikati ya Cape Town na Cairo, tukiyatazama yale malori ya watalii yanapita na vumbi la nchi tano, na tumewauzia ndizi na maji. Kuwaza kwamba mtu wa hapa naye anaweza kufunga mizigo akaendelea na ile barabara, akalale nje kwa raha tu, hilo lilinichukua miaka arobaini na mbili.

Nikaanza kwa mafundi. Mji huu una watu wanaoshona mahema ya turubai ya kambi za kitalii, kazi nzuri, mshono wa kudumu. Niliuliza bei ya dogo kuliko yote, nikashukuru, nikaondoka taratibu ili nisionekane nakimbia. Siku ya pili nikaenda kwenye mitumba, Samunge.

Kijana alikuwa na matatu, yametoka kwenye belo moja na makoti ya baridi. Nililochagua lilikuwa la watu wanne, la kijani kilichopauka upande mmoja, upande ambao jua la kwao lilikuwa likilipiga. Akaniambia, "Dada, hili limetoka Ulaya, halijawahi kuguswa na mvua." Nikamuuliza ni Ulaya gani hiyo isiyo na mvua. Akacheka, akapunguza elfu ishirini. Niliingiza mkono kwenye kimfuko cha ndani, nikatoa vijiti viwili vya aiskrimu na mchanga kidogo, mweupe kama chumvi. Mchanga wetu wa Meru ni mweusi. Kuna watoto mahali fulani walikaa kwenye hema hili wakila aiskrimu ufukweni, na kwao ilikuwa Jumamosi ya kawaida tu. Nikalipa elfu themanini.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini ukishakuwa na hema unahitaji cha kuweka ndani ya hema, halafu cha kuweka nje ya hema. Mifuko ya kulalia minne. Magodoro ya kujaza upepo, na pampu yake. Viti vya kukunja, meza ya kukunja, turubai la kukalia, turubai jingine la kufunika lile la kwanza. Taa tatu za sola. Mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko lake la juu. Boksi la barafu ambalo peke yake lilitaka watu wawili. Nilinunua mashine ya mkono ya kusagia kahawa, mimi ambaye tangu nizaliwe nakunywa chai ya maziwa. Wiki tatu sebule yetu haikuwa na pa kukanyaga, na kila jioni nilikuta kitu kimoja zaidi kilichokosekana. Nakiri kwamba nilikuwa nafurahia. Nadhani sehemu yangu moja ilikuwa inataka ununuzi usiishe, maana ukiisha itabidi twende kweli.

Kaka akaja Jumapili na mizani ya ndoano. Hakusema kitu. Akachukua shuka, akawa anafunga fungu moja moja, ananing'iniza, anasoma, anaandika kwenye kiganja. Wanaopanda Kilimanjaro wanaijua ile mizani ya getini: mzigo wa mpagazi mmoja usizidi kilo 20, na ukizidi kinatolewa kitu au anatafutwa mtu mwingine. Alinisimulia jinsi begi la mgeni linavyofunguliwa pale, na wagumu wanavyosimama pembeni kimya wakitazama kinachotoka. Siku moja ilitoka pasi ya kunyoosha nywele, inakwenda kwenye kambi zisizo na umeme.

Alipomaliza akajumlisha. Kilo 183, bila maji na bila chakula.

"Wagumu kumi," akasema. "Kupeleka watu wanne wakakae."

Mzigo ambao hubebi mwenyewe hauna uzito, ndilo alilotaka nilione, na hakulitamka kwa sababu si mtu wa kutamka. Usiku ule nilitembea sebuleni nikishika vitu. Kila nilichoshika nilijiuliza kama ningekibeba mgongoni mpaka Sakina tu, achilia mbali Machame. Mashine ya kahawa ilitoka ya kwanza. Vikafuata meza, turubai la pili, taa mbili, pampu, magodoro yake, boksi la barafu. Watoto walitetea viti, wakashindwa.

Kesho yake tukasimamisha hema uani ili tulimwagie maji tuone linavuja wapi. Mama yangu, ambaye ana miaka sabini na sita na anaishi nasi, akatoka na fimbo yake, akalizunguka, akainama, akaingia. Akakaa humo muda mrefu.

"Mlango unafungwa na nini?" akauliza kutoka ndani.

"Zipu, Mama."

"Na mwizi naye mmemwambia?"

Halafu akauliza swali lililonikalia mpaka leo. "Mnakwenda Kenya kuleta nini?"

Nikamwambia hatuleti kitu, tunakwenda kulala tu, tuone ziwa Naivasha, tupike, turudi.

Mama anaijua Kenya nyingine. Mpaka ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ikavunjika mwaka huohuo, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Katikati hapo dukani kwetu ilifika siku sabuni hakuna, mafuta ya kupikia hakuna, dawa ya meno ni hadithi. Watu wakapita porini. Yeye alipita mara mbili, kwa miguu, usiku, na wanawake wengine wawili. Alirudi na miche ya sabuni na kopo la mafuta ya Kimbo, vimefungwa kiunoni chini ya khanga. Walichoweza kubeba ndicho walichonunua. Hakuwa na mizani, alikuwa na kiuno.

"Kulala," akarudia, si kwa kunilaumu, kama mtu anayeonja chakula cha kigeni. "Haya. Basi niletee sabuni."

Nikamwambia Mama, sabuni siku hizi ipo hapo dukani mtaa wa pili. Akasema anajua.

Tuliondoka alfajiri ya Jumamosi. Ngaramtoni, Oldonyo Sambu, Meru ikitusindikiza kulia mpaka ikabaki nyuma, kisha Longido na ule uwanda mkavu. Nilitazama nje mahali ambapo pengine Mama alipita, sikuona njia, niliona mbuzi na nguzo za umeme. Kilometa mia na kitu, hata saa mbili hazijatimia, tuko Namanga, mpakani. Kituo cha pamoja walichokifungua Magufuli na Kenyatta Desemba 2018 kinakupokea kwenye jengo moja: unapita upande wa pili, unawakuta maofisa wa nchi zote mbili kwenye ukumbi mmoja. Pasipoti, kibali cha muda cha gari, na kadi mbili za njano, moja ya bima na moja ya chanjo, ambazo mume wangu alizichanganya mara mbili.

Ofisa aliyekagua gari akainua kifuniko cha nyuma, akaona hema, akaona namba za Tanzania.

"Wageni wako wapi?" akamuuliza mume wangu. "Wamepita mbele?"

Mume wangu akakosa la kusema. Mwanangu mdogo akajielekezea kidole kifuani mwake mwenyewe.

Ng'ambo, kabla hata ya kituo cha mafuta cha kwanza, niliona duka na nikasema simama. Mume wangu akanikumbusha kwamba tutarudi njia hiihii baada ya wiki, ninunue wakati huo, kwa nini sabuni izunguke Kenya nzima ndani ya gari? Ana haki. Nikashuka, nikanunua mche mmoja wa bluu, nikaufunga kwenye ncha ya khanga.