Kuona Pasipo Kutazama

Taswira ya akilini ni ile hali ya mtu kuona, kusikia au kunusa kitu ambacho hakipo mbele ya hisi zake, kama anapofumba macho akamwona mama yake aliye mbali. Kwa kuwa hali hiyo humjia mwenyewe waziwazi, wanafalsafa wengi wameihesabu kuwa sehemu ya fahamu, yaani ule upande wa maisha ya akili ambao mtu anauishi na kuuhisi, na baadhi yao wamekwenda mbali zaidi, wakaifanya kuwa msingi wa fikra zote. David Hume, katika kitabu alichoanza kukichapisha mwaka 1739, alishikilia kwamba kuona kitu na kukiwaza hutofautiana kwa nguvu na uhai tu, na kwamba wazo ni mwangwi uliofifia wa kile kilichohisiwa.

Jaribio lililofanywa na Cheves West Perky na kuchapishwa mwaka 1910 linaelekea kumuunga mkono. Washiriki waliombwa wakazie macho kioo huku wakiwaza vitu kama ndizi au nyanya, na bila wao kujua, picha hafifu ya kitu hicho ikatupwa kwenye kioo kutoka nyuma; nao wakaichukua kuwa ni taswira yao wenyewe. Hata hivyo, katika jaribio hilohilo mna jambo lenye uzito zaidi, kwani baadhi yao walishangaa kuona kwamba ndizi ilikuwa imesimama wima, ilhali hawakuwa wameiwaza hivyo. Mshangao huo ndio unaofichua tofauti. Kitu kinachoonekana kinaweza kumfundisha mtazamaji asilolijua, lakini taswira aliyoiunda mwenyewe haina jipya la kumpa, kwa sababu ndani yake hamna ila alichokitia.

Jean-Paul Sartre aliliona hilo barabara mwaka 1940, alipojadili mfano wa mtu anayeliwaza jengo la Panthéon la Paris, akaamini kuwa analiona lote, kisha akashindwa kuzihesabu nguzo za mbele. Kama taswira ingekuwa picha iliyotundikwa ndani ya kichwa, nguzo zingehesabika. Kwa hiyo Sartre alikata shauri kwamba taswira si kitu kilichomo ndani ya fahamu, bali ni namna ya fahamu kukielekea kitu kisichokuwapo. Hoja hiyo ina nguvu, na inastahili kukubaliwa kwa sehemu kubwa, ingawa Sartre hakueleza vya kutosha ni kazi gani taswira inaifanya katika kufikiri.

Ni hapo ambapo ushahidi wa baadaye unakuwa na thamani. Mwaka 1971 Roger Shepard na Jacqueline Metzler walionyesha kwamba watu wanaoamua kama maumbo mawili yaliyochorwa ni umbo lilelile huchukua muda mrefu zaidi kadiri pembe kati yake inavyoongezeka, kana kwamba wanalizungusha moja akilini. Baadaye Adam Zeman na wenzake walimchunguza mtu aliyepoteza ghafla taswira zake zote, wakaandika habari zake mwaka 2010: alijibu maswali ya aina hiyo kwa usahihi, ila muda wake haukufuata pembe kama wa wengine. Aliifikia kweli kwa njia nyingine. Mwaka 2015 Zeman aliiita hali ya kutokuwa na taswira afantasia, ambayo wengine huzaliwa nayo na kuishi, kusoma na kupenda bila kujua kwamba wenzao wanaona kitu wanapofumba macho.

Watu hao si wapungufu wa fahamu. Wanahisi maumivu, wanaona rangi, wanakumbuka yaliyowapata, na wanaelewa wanachokifikiri. Jambo hilo linaonyesha kwamba kuelewa hakuhitaji picha, kama René Descartes alivyokwisha kudokeza mwaka 1641 aliposema kwamba umbo lenye pande elfu moja hueleweka kikamilifu ingawa hakuna awezaye kuliwaza likatofautika na jingine lenye pande nyingi mno. Lakini wengi wao husimulia kwamba usingizini huota ndoto zenye picha, na hilo linaashiria kwamba walichokikosa si uwezo wa akili wa kuunda taswira, bali ni uwezo wa mtu kuiita kwa hiari akiwa macho. Nadharia yoyote inayotaka kuifafanua fahamu kwa taswira italazimika kwanza kueleza hiari hiyo ni nini.